Kisukari na Meno Kuoza: Ni Nani Aliye Hatarini Katika Nyanda za Juu za Kigoma?

Asili ya utata

Katika Kumsenga, kata ya wilaya ya Kibondo, na katika nyanda za juu zote za Kigoma, kuanzia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu na Buhigwe, suala moja la siha hujibiwa kwa namna tatu zinazopingana, na kila namna ina watu wake. Wako wasemao kwamba kisukari ni maradhi ya matajiri na wakazi wa mijini, na kwa hiyo mkulima wa mahindi na maharage, ambaye jembe haliachi mkono wake tangu masika hadi kiangazi, hana haja ya kuyahofu. Wako waaminio kwamba mtu hupata kisukari kwa kula sukari kama vile mtoto anavyotoboka meno kwa kunyonya pipi, na kwamba asiyeweka sukari katika chai yake amekwisha kujikinga na yote mawili. Na wako, wala si wachache, wanaoyahesabu maradhi hayo kuwa ni majaliwa ya ukoo au hasada ya jirani, na jino lililooza kuwa ni kazi ya mdudu aliyejichimbia ndani yake.

Utata huu haumo kwa wasiosoma peke yao. Ukizichukua orodha mbili zinazotumiwa na watu wa afya, moja ya wale walio katika hatari ya kisukari na nyingine ya wale walio katika hatari ya kuoza meno, ukaziweka ubavu kwa ubavu, utaona kwamba zinakaribia kuwa orodha moja: umri, jinsi, kipato, elimu, mahali mtu anapokaa, nasaba yake, na kama amehama au hakuhama. Mfanano huo huivuta akili idhani kwamba sababu ni moja, na kwamba anayelijua jambo la kwanza amekwisha kulijua na la pili. Swali linalostahili kupimwa, basi, ni hili: je, sifa hizo za watu ni sababu zenyewe za maradhi, ama ni alama tu za sababu nyingine zilizojificha nyuma yake, na ikiwa ni alama, kwa watu wa Buha, nchi hii ya Waha, zinaashiria nini leo?

Namna maradhi haya yanavyozuka

Jino huoza kwa sababu vijidudu vinavyoishi katika utando wa juu yake hula sukari ileile aliyoila mwenye jino, vikaigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo, katika muda wa dakika chache, huanza kuyayeyusha madini ya ganda gumu la nje. Mate huja baadaye kuyarejesha madini hayo, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au hata saa nzima, na kabla haijakamilika, ikiwa mtoto ametia pipi nyingine kinywani, mate huwa yameshindwa tena. Kwa hiyo lililo zito kwa jino ni mara ngapi sukari inaingia kinywani na inakaa kwa muda gani, zaidi ya uzito wake kwenye mizani. Jambo hili lilithibitishwa katika hospitali ya Vipeholm, nchini Sweden, katika miaka ya 1945 hadi 1953, kwa uchunguzi ambao hauwezi kutajwa bila kulaaniwa, kwani waliolishwa peremende za kunata hata meno yao yakaharibika walikuwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuulizwa ridhaa yao.

Kisukari kina njia nyingine. Aina ya kwanza, ambayo huwashika hasa watoto na vijana, hutokana na mwili kujishambulia wenyewe na kuziua seli zinazotengeneza insulini, wala hakuna chakula ambacho mzazi angemnyima mtoto wake ili kuizuia. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi duniani, huja polepole: mafuta hujikusanya tumboni, katika ini na katika misuli, insulini ikawa haisikiwi tena ipasavyo, na kongosho, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi maradufu, likachoka. Sukari inayoliwa ni mlango mmojawapo tu wa kuingilia katika hali hiyo, na milango mingine ni unene, uvivu wa mwili, umri, damu ya ukoo, na hali ya mtu alipokuwa tumboni mwa mama yake.

Kutokana na hayo inadhihirika tofauti moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni ya wakati. Jino la utotoni laweza kuoza katika mwaka mmoja au miwili tangu liote; kisukari cha aina ya pili huchukua miongo. Maradhi mawili yanaweza kulishwa na chakula kimoja, na bado moja likaonekana kwa mtoto wa chekechea na jingine likamngojea mpaka awe na wajukuu.

Rai ya kwanza: sukari ndiyo shina

Walioisimamia rai hii kwa nguvu zaidi walikuwa Thomas Cleave, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, na George Campbell wa Durban, ambao mwaka 1966 walitoa kitabu wakidai kwamba kisukari, maradhi ya moyo, meno kuoza na mengine kadha wa kadha ni matawi ya mti mmoja, na kwamba shina la mti huo ni sukari na unga uliokobolewa. Campbell, aliyewatibu Wazulu na Wahindi wa Natal, alishikilia kwamba jamii iliyoanza kula sukari kwa wingi huanza kuona kisukari baada ya miaka 20 hivi.

Nguvu ya rai hii ni kwamba kwa upande wa meno haina mshindani. Wakati wa vita vikuu vya pili, sukari ilipoadimika katika Norway na Japani, meno ya watoto yaliboreka, na ilipoanza kupatikana tena yakaharibika tena. Kwa upande wa kisukari pia ina ushahidi, ingawa si wa moja kwa moja: uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanywao soda au vinywaji vingine vya sukari mara moja au mbili kwa siku wamo katika hatari iliyozidi kwa asilimia 26 kuliko wasiovinywa au wanaovinywa kwa nadra.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, katika Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 1970, meno ya watoto yalizidi kuwa mazima huku kisukari kikizidi kuenea, na sababu ni kwamba dawa ya meno yenye floraidi iliingia katika kila nyumba ikaulinda mdomo bila ya kuulinda mwili. Kama shina lingekuwa moja na hakuna zaidi, matawi mawili yasingeweza kwenda njia mbalimbali. Pili, rai hii haitofautishi vya kutosha kati ya sukari na mahali sukari ilimo. Mtoto wa Kasulu anayetafuna muwa anaipata sukari pamoja na makapi, maji na kazi ya taya. Anayenyonya barafu ya rangi nyekundu katika kifuko cha plastiki nje ya uzio wa shule anaipata tupu, na kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari iliyoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, na kutaka isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, ambazo ni vijiko sita vya chai. Hapa watu wa Kibondo, ambao asali ya misitu yao inasifika nchini na ambao wengi wao huiona kuwa ni dawa isiyo na dhara, wanapaswa kuambiwa bila kificho kwamba kwa jino na kwa mwenye kisukari asali ni sukari.

Rai ya pili: ni maisha mapya yote kwa jumla

Rai hii ilizaliwa karibu nasi. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya tangu 1929 kisha Uganda, na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, waliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za kwao Uingereza yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika Mashariki. Trowell akaandika juu yake mwaka 1960, na baadaye wote wawili wakafikia kauli kwamba mtu akiacha nafaka nzima, mizizi na mboga, akashika vyakula vilivyokobolewa na kazi ya kukaa kitini, anayakaribisha maradhi hayo kwa pamoja.

Takwimu za Tanzania zinaiunga mkono kwa sehemu kubwa. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika vijiji sita, na wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha Kilimanjaro: Ilala kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, ilhali Shari kilikuwa asilimia 1.7 na 1.1. Kisha uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Insafu yanidai niseme kwamba namba hizi hazipaswi kupangwa kama ngazi ambayo mtu anaipanda kutoka daraja la chini hadi la juu, kwani njia za kupima damu hazikuwa moja na umri wa waliopimwa ulitofautiana; lakini hata mwenye kuzipunguza kwa ukali kiasi gani hawezi kukana kwamba mji umezidi kijiji na kwamba wakati wetu umezidi wakati wa wazee wetu.

Hata hivyo rai hii inakitukuza kijiji kupita kiasi. Uchunguzi uleule wa McLarty uliokuta wagonjwa wachache ulikuta pia kwamba asilimia 7.8 ya wanavijiji walikuwa na miili iliyoshindwa kuimudu sukari kama inavyopasa, hali ambayo ni kizingiti cha kisukari. Walikuwa wamesimama mlangoni, na kilichowazuia kuingia huenda kilikuwa jembe na umbali wa duka. Fauka ya hayo, rai hii inafaa kwa kisukari kuliko kwa meno. Kulima ekari mbili kunaunguza mafuta ya mwili, lakini hakuondoi asidi kinywani, na mkulima hodari mwenye misuli kama ya chuma aweza kuwa na magego manne yaliyooza.

Rai ya tatu: ufukara na tabaka

Kwa watu wa rai hii, kinachoamua ni nafasi ya mtu katika jamii. Wanaonyesha kwamba katika nchi tajiri maradhi yote mawili yamewaangukia maskini na wasiosoma, kwa sababu sukari ni nguvu ya bei rahisi kuliko samaki na matunda, kwa sababu mswaki wa dukani na dawa yake ni gharama, na kwa sababu asiye na fedha humwona tabibu wakati maumivu yamekwisha kumnyima usingizi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba watu bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni katika hali hiyohiyo. Idadi hiyo haielezeki kwa ladha ya sukari peke yake pasipo kutaja umaskini.

Lakini ukiileta rai hii Tanzania inapinduka. Uzito wa kupita kiasi, ambao ndio mlango mkubwa wa kisukari, bado umo zaidi kwa wenye kipato na kwa wakazi wa miji: uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na wa mijini wakiwazidi sana wa vijijini. Kwa meno, watoto wetu wa miaka 12 wamekuwa wakihesabiwa tangu miaka ya 1980 miongoni mwa wale wenye wastani wa chini kabisa wa meno mabovu duniani, na ufukara wao, kwa kuwanyima sukari, uliwalinda. Ufukara huohuo unaomdhuru mtoto wa Glasgow ulimhifadhi mtoto wa Kibondo.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo yote. Kipato hakina maana moja ya kudumu. Sukari inapokuwa adimu na ghali, mwenye fedha ndiye anayeumia, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuinunua. Inaposhuka bei na kuenea hata duka la mwisho la kitongoji, mwenye fedha hupata pia dawa ya meno, tabibu, elimu na chakula kingine, naye maskini hubakiwa na sukari peke yake. Baina ya hali hizo mbili kuna kipindi cha mpito, na katika kipindi hicho takwimu za kipato huonekana kama zimechanganyikiwa, leo zikimtaja tajiri na kesho fukara. Anayezisoma bila kuujua mpito huo atasema kwamba utafiti unajipinga wenyewe, kumbe jamii ndiyo inayohama.

Rai ya nne: mwanzo wa uhai

Rai ya nne ni changa kuliko zote, na kwa nyanda za Kigoma naiona kuwa ni nzito. Mwaka 1992 Hales na Barker wa Uingereza walitoa hoja kwamba mtoto aliyenyimwa chakula tumboni hujengwa kwa ajili ya maisha ya uhaba, kongosho lake likiwa dogo, na akija kukutana na shibe ukubwani mwili wake unashindwa. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walionekana baadaye kuimudu sukari kwa taabu zaidi kuliko waliozaliwa kabla yake au waliotungwa mimba baada yake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kisukari kinachotokana na utapiamlo, ambacho huwapata watu wembamba, na kwa uamuzi huo dhana ya kwamba kisukari ni cha wanene ilipata dosari kubwa.

Meno nayo hutengenezwa mapema. Ganda la meno ya utotoni huanza kujengwa kabla ya kuzaliwa, na la magego ya kudumu ya kwanza wakati wa kuzaliwa au karibu yake. Mtoto akidumaa, au akishikwa na homa mfululizo katika miaka hiyo, ganda hutoka jembamba na lenye mabonde, na vijidudu hupata mahali pa kujificha. Tanzania, kwa uchunguzi wa mwaka 2022, takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo ana meno dhaifu na kongosho dhaifu, vyote viwili vikiwa vimetiwa dosari na sababu moja, kabla hajaonja kijiko cha kwanza cha sukari.

Ushahidi ulionigusa zaidi ni wa Uingereza. Sukari iligawiwa huko kwa kibali mpaka mwaka 1953, na wachunguzi walipowalinganisha, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, waliotungwa mimba na kunyonya kabla ya kibali kuondolewa na wale waliozaliwa baada yake, waliona kwamba siku elfu moja za mwanzo zenye sukari kidogo zilipunguza hatari ya kisukari ukubwani kwa asilimia 35 hivi. Udhaifu wa rai hii ni kwamba mengi ya ushahidi wake yanatoka nchi zenye daftari za vizazi za miaka mingi, na Buha haina daftari kama hizo. Tunaukubali uzito wake kwa kuwa miili ya watu ni ya namna moja, si kwa kuwa tumewahesabu wa kwetu.

Umri, jinsi na nasaba

Haya matatu hayahitaji maneno mengi. Umri huongeza kisukari cha aina ya pili bila ubishi, na kwa meno hupiga mara mbili, utotoni na uzeeni, fizi zinaposhuka na mizizi ya meno ikabaki wazi. Wanawake, katika jamii nyingi, huwa na meno mabovu zaidi ya wanaume, na yamkini sababu ni kwamba meno ya wasichana huota mapema, kwamba ujauzito hubadili ulaji na mate, na kwamba mpishi huonja mara nyingi. Wao pia ndio wanaobeba kisukari cha mimba, ambacho humwandalia mama na mtoto hatari ya baadaye. Nasaba ina nguvu katika kisukari, na hilo limeonekana Dar es Salaam kwa watu wa asili ya Kihindi, ambao wana kisukari zaidi ya majirani zao. Katika meno nguvu yake ni ndogo, na kinachoitwa meno mabovu ya ukoo mara nyingi ni jiko moja na bakuli moja la sukari.

Nyanda za juu katika mizani

Tukizirudisha rai hizo kwenye ardhi ya Kigoma, jambo la kwanza la kutazama ni umri wa watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu milioni 2.47 hivi, na katika nchi hii zaidi ya watu wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Jamii changa kiasi hicho huficha kisukari kwa hesabu tu: hata kama hatari ya kila mtu wa miaka 50 itabaki ilivyo, idadi ya wagonjwa itaongezeka mara kadhaa wakati watoto wa leo watakapofika umri huo, katika miaka ya 2060 na 2070. Asemaye kwamba Kibondo hakuna kisukari anaitazama jamii ambayo haijazeeka.

La pili ni uhamaji. Waha walizoea tangu zamani kwenda mbali kutafuta riziki. Walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotoa manamba wengi wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwategemea sana. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha kutoka makazi ya kutawanyika wakawekwa katika vijiji, karibu na shule na duka. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta iliyopokea Warundi tangu 2015, zimekusanya mahali pamoja watu ambao miili yao imepitia njaa, ambao mgao wao wa unga na maharage umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha, na ambao hawana shamba la kutosha la kuuchosha mwili. Watu hawa, kwa rai ya nne na ya pili kwa pamoja, ndio walio karibu zaidi na hatari, nao ndio wasiomo katika takwimu nyingi za taifa.

La tatu ni barabara. Lami inayounganisha Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu na Manyovu imeleta dawa, madaktari na bei nzuri ya maharage, na hakuna mtu mwenye akili atakayetamani vumbi lirudi. Lakini gari lililoleta hayo ndilo lililoleta kreti za soda. Chupa moja ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani imepita peke yake kile kipimo cha vijiko sita. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Buha soda ni ya sikukuu, na sukari ya kila siku imo katika chai ya rangi: vijiko vitatu kikombe cha asubuhi pamoja na andazi, vitatu vya jioni, na katika uji wa mtoto mkono wa mama hauhesabu. Dukani hununuliwa kwa robo kilo, au kwa kifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa fundo, kinachotosha siku moja. Mtoto wa darasa la kwanza, akiwa na sarafu ya shilingi mia, anapata pipi mbili au ubuyu uliokolezwa sukari na rangi wakati wa mapumziko, naye hunyonya hadi kengele ilie. Wanaotafuta kosa katika soda peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa zaidi katika vitabu vya nchi nyingine, watakikosa kikombe kilichoko mezani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba umri, kipato, makazi na uhamaji ni alama, na nyuma yake kuna makutano ya mambo matatu: miili iliyojengwa katika uhaba, sukari iliyokaribia haraka, na tiba iliyochelewa. Mahali yanapokutana yote matatu ndipo kisukari na meno kuoza vinapokaa katika mtu mmoja, na nyanda za juu za Kigoma zinayaelekea makutano hayo bila kuwa zimeyafikia. Na kwa kuwa jino hujibu upesi kuliko kongosho, na kwa kuwa floraidi bado ni haba huku, kwani Kigoma si miongoni mwa mikoa inayojulikana, kama Arusha, kwa maji yenye floraidi nyingi inayoyatia meno madoa, na dawa ya meno haijaingia kila nyumba, meno ya watoto wa darasa la kwanza yanaweza kutumika kama kipimo cha mapema cha kasi ya sukari katika kijiji, miaka 20 au 30 kabla ya kisukari chenyewe. Kipimo hiki hakimtabirii mtoto mmoja mmoja. Kinasema juu ya kijiji.

Gharama za kila njia

Kodi ya vinywaji vya sukari ina sifa ya kukusanya fedha na kupunguza unywaji, na kwa Dar es Salaam naiunga mkono. Kwa Kumsenga itagusa sehemu ndogo ya sukari inayoliwa. Kupandisha bei ya sukari yenyewe ni jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei kupanda, ilionekana wazi jinsi nyumba maskini zinavyoihesabu kuwa ni haki ya lazima, na mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari alihisi kwamba wenyeji wamefedheheka. Serikali itakayoizuia sukari bila kuweka kitu mahali pake itakuwa imewaondolea maskini heshima kabla ya kuwaondolea maradhi.

Dawa ya meno yenye floraidi ni rahisi, na kwa meno hakuna kinachoishinda kwa gharama yake. Ubaya wake, kama Ulaya ilivyoonyesha, ni kwamba yaweza kuwatuliza watu wakadhani kwamba sukari imekwisha kuwa salama. Naona afadhali itolewe, huku wanaoitoa wakiyasema yote mawili. Mswaki wa mti, ukitumiwa vizuri, husafisha kama wa dukani, na ni wa bure. Unachokosa ni floraidi.

Kuwapima watu wote kisukari ni jambo la kupendeza kwenye karatasi. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba ana kisukari, akarudi kwenye zahanati ambayo vidonge vimekwisha, au akapewa insulini bila kufundishwa kuihifadhi katika chungu cha maji ya baridi kwa kuwa hana jokofu, ametwishwa hofu bila kupewa tiba. Bora kuanza na walio karibu na hatari: wenye zaidi ya miaka 40 waliokuja kwa ajili ya shinikizo la damu, wanaofika kwa tabibu wa meno wakiwa na fizi zinazotoka damu na meno yanayolegea, kwani kisukari na maradhi ya fizi yamethibitika kuchocheana, na wakimbizi wa kambini. Tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya, ambaye leo kazi yake kubwa ni kung'oa, aweza kuuliza maswali mawili juu ya kiu na kukojoa, na kuchukua tone moja la damu, bila kujengewa chumba kipya.

Lililo la faida kuliko yote, kwa uzani wangu, ni kliniki ya wajawazito na watoto, kwa sababu ndipo rai zote nne zinapokutana: mama hupimwa sukari ya mimba, uzito wa mtoto hujulikana, uji wa kwanza hufundishwa jinsi ya kupikwa bila sukari ila kwa ndizi na karanga, na mtoto anapofika kwa chanjo na kupimwa uzito, muuguzi akimwinua mdomo wa juu kwa kidole huyaona meno manne ya mbele kwa nukta chache, na madoa meupe karibu na fizi, ambayo ni mwanzo wa kuoza, bado yanaweza kurekebishwa. Kazi hiyo inahitaji mafunzo ya siku chache, vipimo vya damu visivyokatika, na safu moja ya ziada katika kadi ya mtoto. Fedha ya kwanza itakayopatikana kwa maradhi haya mawili katika Kibondo na Kasulu naona ielekezwe huko, hata ikiwa kununua mashine mpya ya hospitali ya wilaya itabidi kungoje mwaka mwingine.